Tarehe Moja, Mwezi wa Kwanza

…na mwaka ulikuwepo, hilo ndilo lililomkaa kooni, siku haikujulikana, mwezi haukujulikana, sawa, lakini mwaka ulikuwepo, umeandikwa kwa wino kwenye fomu, na yeye kwa vidole vyake mwenyewe akaufuta pamoja na hivyo vingine, mistari minne tu ya msimbo wa kompyuta, alasiri moja, miaka sita iliyopita, chai haijapoa akawa amemaliza, na leo ndiyo kwanza anajua alichokifanya, ameketi kwenye kikao cha saa nne asubuhi, kiti cha mwisho upande wa dirisha, feni inagonga juu ya kichwa chake, ka, ka, ka, ile feni ambayo kila wiki mtu husema ataita fundi, na Mkuu wa kitengo ameshagonga kalamu mezani, maana yake wameanza, watazunguka kama kila siku, mtu mmoja mmoja, umefanya nini jana, unafanya nini leo, umekwama wapi, haya mwingine, ataanza dada wa Miadi, aje Mzee wa Seva, aje Mtu wa Takwimu, aje Mgeni, halafu yeye, na yeye ataulizwa maneno mawili tu, "Kabati vipi?", na atajibu mawili, "Liko tayari," kisha toleo la tisa litoke, watu wakanywe chai… dakika nane hivi, au kumi na mbili dada wa Miadi akiwa na maneno mengi, na dada wa Miadi ana maneno mengi kila siku.

Simu ameilaza kifudifudi makusudi. Akiifunua ataiona tena ile picha aliyotumiwa saa tatu na nusu na binti wa shangazi yake, binamu asiyejua kupiga picha, kidole kimeingia kwenye kona kama kawaida yake, ukurasa umebandikwa kwenye ubao wa hospitali ya macho, orodha ya wanaosubiri kupasuliwa, na chini yake ujumbe, "Wamesema bado. Ukurasa wa mwisho tena. Mama amenyamaza njia nzima," na alipoikuza ile picha aone shangazi amefika namba ngapi, hakuliona jina kwanza, aliona safu ya pembeni, mwaka wa kuzaliwa, safu nyeupe, tupu, kutoka juu mpaka chini, watu arobaini kwenye ukurasa na hakuna hata mmoja mwenye mwaka, na hapo akakitua kikombe, kwa sababu watu arobaini hawawezi kukosa mwaka kwa bahati mbaya halafu wote wakaangukia ukurasa mmoja, hapana, huo ni mpangilio, kompyuta imepanga, wazee zaidi mbele, wenye umri mdogo nyuma, na asiye na mwaka kompyuta haijui imweke wapi, inamweka mwisho kabisa, nyuma ya kila mtu, na kila anayeandikishwa leo akiwa na mwaka wake anaingia mbele yake, kesho wengine, keshokutwa wengine, foleni inasogea kweli ila mkia wake haufiki mlangoni, na shangazi yuko mkiani mwezi wa kumi na nne huu… "skrini ya manesi imekwisha," dada wa Miadi anasema, "sasa wakibonyeza jina mara mbili haitoi miadi miwili, ile kero ya mgonjwa mmoja kuitwa Jumatatu na Jumanne tumeiua, ila kuna nesi mmoja, jamani, huyo nesi anabonyeza kama anaua mende," na watu wanacheka, naye anacheka, mdomo unacheka peke yake, umezoea.

Mama Kabati. Jina alilipachikwa na Mzee wa Seva, naye akalipenda, wala hana mtoto, ana Kabati, na Kabati lenyewe si la mbao, ni maktaba yao ya pamoja, vipande vidogo vidogo vya msimbo vinavyoazimwa na mifumo yote kumi na mmoja ya ofisi hii, yote imejengwa juu ya kiunzi kimoja, na kila mmoja ukitaka kuandika tarehe, au kukagua namba ya simu, au kuondoa nafasi zilizozidi kwenye jina la mtu, haujitungii kipande chake, unachukua kwenye Kabati, ili kila mtu asichonge kijiko kila anapotaka kula, hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaeleza wageni, kijiko, na wageni wanaelewa mara moja, na hakuwahi kufikiria siku moja kwamba kijiko kikiwa na sumu basi meza nzima imekula. Ukutani nyuma ya Mkuu kuna karatasi ya Mzee wa Seva, ameichora kwa kalamu nene, KABATI: SIKU BILA LAWAMA, na chini yake namba anayoibadilisha kila asubuhi akiingia, leo imesoma elfu mbili mia moja na themanini na tatu, ilianza kama utani, sasa Mkuu anawaonyesha wageni, na Ijumaa atawaonyesha wakurugenzi, ameshasema, ataanza na Kabati, "mtu mmoja, miaka sita, bila kosa hata moja," na yeye alipolisikia hilo alijitia kuangalia dirishani, lakini aliporudi nyumbani alimsimulia shangazi kwenye simu neno kwa neno, na shangazi akasema, "Mwanangu, mimi najua. Wewe tangu mdogo ukikunja nguo kona hazipishani."

Na fomu anaikumbuka! Hilo ndilo baya kuliko yote, angekuwa mtu asiyejua angesema sikujua, lakini yeye alikuwepo, ana miaka minane, ameshika upindo wa gauni la shangazi mbele ya dirisha la kuandikisha watu, karani ana miwani iliyofungwa uzi, anauliza bila kuinua kichwa, "Mwaka wa kuzaliwa?" na shangazi anasema mwaka daraja lilipochukuliwa na maji, na karani anageuka kuangalia karatasi ukutani, alikuwa na karatasi ya mambo hayo, njaa, nzige, daraja, anatafuta kwa kidole, "Daraja… arobaini na saba," anaandika, "Siku?" na shangazi, ambaye hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu, akasema, "Siku hiyo nilikuwa na shughuli nyingi, sikuangalia kalenda," na foleni nzima ikacheka, hata karani akainua kichwa mwishowe, akasema, "Basi tuandike tarehe moja, mwezi wa kwanza, kama wenzako," na shangazi akauliza wenzangu wangapi, na karani akasema mama, nchi nzima, mkifanya sherehe siku moja hatutapata pa kukaa… kama wenzako. Alilisikia neno hilo kwa masikio yake. Na miaka ishirini baadaye, Mtu wa Takwimu, huyuhuyu anayekuna kidevu pale sasa akingoja zamu yake, alileta mchoro wake kikaoni, siku za kuzaliwa za watu wote kwenye mifumo, mstari unakwenda chini chini umelala, halafu tarehe moja mwezi wa kwanza unaruka mpaka dari, watu wakafa kwa kicheko, "nusu ya wazee wetu walizaliwa asubuhi moja, wakunga walikoma," na Mkuu akasema hii inatuaibisha, nani atausafisha huu uchafu, na yeye akanyanyua mkono. Uchafu. Akanyanyua mkono upesi, alikuwa na mwaka mmoja kazini, alitaka aonekane, na alasiri hiyohiyo akaandika kipande kinachoitwa safisha_tarehe, ukikipa tarehe yoyote kinaipanga vizuri, na ukikipa tarehe moja mwezi wa kwanza kinasema hii si kweli, kinaifuta, kinaacha tupu, siku, mwezi na mwaka, na juu yake akaweka maelezo ya mstari mmoja ambayo aliyaona ya busara mno, "Tusijifanye tunajua tusichokijua," na aliyekuwa akimfundisha kazi aliyasoma akasema huyu binti ana msimamo. Msimamo! Mchoro ukalala chini vizuri. Walimpigia makofi.

"…diski imejaa asilimia tisini," Mzee wa Seva anasema, yeye si mzee, ana miaka thelathini na mitano, kipara ndicho kilichompa cheo, "nimefuta nakala za zamani, tunapumua, ila msiniletee picha za harusi kwenye seva ya kazi, nawajua, sitaji mtu," na dada wa Miadi anasema taja, na Mkuu anagonga kalamu, "Umekwama wapi?" "Sijakwama, nangoja toleo la tisa la Kabati tu, likitoka nalipandisha kwenye mifumo yote saa saba," anamwonyesha kidole gumba kutoka ng'ambo ya meza, rafiki wa kweli yule, alimbebea kochi ngazi tatu alipohama nyumba, na yeye anarudisha kidole gumba, kinapanda chenyewe kama mdomo ulivyocheka.

Toleo la tisa. Angeweza kulirekebisha humohumo. Ni jambo la dakika tano, aondoe mistari minne, aweke mingine, siku isiyojulikana ibaki haijulikani na mwaka ubaki mwaka, na kwenye maelezo ya toleo aandike "marekebisho madogo ya tarehe," nani husoma maelezo ya toleo, hakuna, yeye mwenyewe huandika humo utani na hajawahi kuulizwa, na kuanzia leo saa saba hakuna mzee atakayepotezewa mwaka tena… kuanzia leo. Ila wa jana? Kipande kile hakifichi mwaka, kinaufuta, kinafuta kabla haujaingia kwenye ghala la taarifa, kilichoingia ni tupu, na tupu ukiirekebisha inabaki tupu, wale arobaini wa kwenye picha na wengine wa kurasa za kabla yake watakaa palepale wakiangalia watu wakipita, na mwaka wao uko sehemu moja tu, kwenye fomu za karatasi, kwenye makabati ya chuma ya hospitali, na kuzifikia fomu hizo kunataka barua, barua inataka sahihi ya Mkuu, Mkuu atauliza barua ya nini… na je, hospitali ya macho peke yake? Mifumo kumi na mmoja. Asilifikirie hilo sasa. Alishalifikiria.

Kompyuta ya mapajani iko wazi mbele yake, kila mtu anadhani anaangalia majaribio ya Kabati, na ni kweli yapo, pembeni, yote kijani, mia sita na kumi yamepita, hata lile la tarehe limepita, kwa sababu jaribio la tarehe aliliandika yeye, na aliliuliza swali ambalo jibu lake alilitaka, ukiipa tarehe moja mwezi wa kwanza inarudisha tupu? Ndiyo, inarudisha tupu. Kijani. Miaka sita kijani. Lakini dirisha lililo mbele si la majaribio, ni la ghala la taarifa la hospitali, ambako safisha_tarehe haifiki, ufunguo anao, wa dharura, huwa anautumia mara mbili kwa mwaka akiitwa, na kabla kikao hakijaanza alikwisha kumtafuta shangazi, namba ya kadi anaijua kwa moyo kwa sababu yeye ndiye humkumbushia, na huyu hapa, mwanamke, fundi cherehani mstaafu, mtoto wa jicho macho yote mawili, nafasi ya mia tatu themanini na nane kati ya mia nne na sita, tarehe ya kuzaliwa, kisanduku cheupe, na ndani yake kishale kinapepesa… ameandika. Hakuna aliyemwona. Moja, moja, arobaini na saba. Hajabonyeza Hifadhi, ameandika tu, na pembeni mfumo kwa hisani yake umeshamwonyesha nafasi mpya, ya tisa. Ya tisa! Wanapasua watu ishirini kwa wiki. Wiki hii, basi, Alhamisi labda, na wiki ijayo shangazi anakaa mlangoni anaona nani anapita njiani, anamwita mtu kwa jina lake kabla hajasalimiwa, na asubuhi hamsubiri jirani aje amtungie sindano, maana siku hizi ndivyo afanyavyo, jirani anakuja na kumtungia sindano kumi na mbili, nyeusi nne, nyeupe nne, buluu nne, anazichomeka kwenye kitakia mstari mmoja mmoja, na shangazi anazitumia moja moja mpaka jioni, akimaliza nyeupe basi kazi nyeupe imekwisha hata iwe saa sita mchana, anakaa, anakunja mikono. Mstaafu, wameandika. Nani kawaambia amestaafu? Na daktari alishasema, la kushoto linaweza kungoja, la kulia lisingoje sana, mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi anaharibu jicho kwa ndani na hapo hata kisu hakisaidii, alisema hayo mwezi wa nne wa kusubiri, na huu ni wa kumi na nne. Bonyeza. Kidole kiko juu ya kitufe. Nani angekulaumu, huyu ndiye aliyekulea, kwa cherehani hiyo ulisoma, mwaka wenyewe ni wa kweli, hujaghushi kitu, umerudisha chake tu.

"Mimi nina lalamiko moja," Mtu wa Takwimu anasema, "lilelile," na Mkuu anapumua, "tarehe tupu zimeongezeka tena, kwenye hospitali nusu ya orodha haina umri, mimi siwezi kuchora umri wa watu wasio na umri, nimewaweka wote kwenye fungu la Wengineo." "Hospitali hawajazi fomu vizuri," dada wa Miadi anasema, "wavivu wale, ukienda kule watakupiga danadana mpaka unasahau ulichofuata," na Mkuu anasema tuwaandikie barua ya kuwaonya, na Mtu wa Takwimu anaandika, barua, hospitali, onyo… na yeye yuko hapa anamsikia akiandika. Watawaandikia makarani. Makarani waliojaza kila fomu, mwaka kwa mwaka, wino mweusi. Wengineo, ndilo fungu la shangazi sasa, na yeye mwenyewe, mwaka uliopita, shangazi alipomwuliza, "Mwanangu, mbona walionikuta wameshapasuliwa, na watoto wadogo wa miaka hamsini, wananipita tu?" alijibu nini? Alikuwa na haraka, alikuwa anatafuta viatu, akasema, "Shangazi, kuwa na subira, mfumo ndio unaopanga, mfumo hauna upendeleo," kwa fahari, na shangazi akasema, "Kama ni nyinyi mmeutengeneza, basi sawa," hakuuliza tena. Miezi yote hii hakuuliza tena. Aliamini kwa sababu ya nani? Macho yanamchoma, anayafikicha, feni hii na vumbi lake, ka, ka, ka.

Hajabonyeza. Ameteremsha ukurasa kidogo, bila sababu, au ili asikitazame kile kisanduku, na chini ya shangazi wako wengine, wasio na mwaka wenyewe kwa wenyewe wamepangwa kwa herufi, na kila mmoja ana mstari mdogo ambao manesi huandika, "huletwa na mjukuu," "haoni kabisa jicho la kulia," "anatoka mbali, asipangiwe asubuhi," "ameuliza zamu mara ya sita," "ni mwalimu, anaomba apewe tarehe yoyote," wa mwisho kabisa, wa mia nne na sita, ana maneno mawili, "ameacha kuja." Anapanda juu, anahesabu, mfumo unamhesabia, watu mia mbili na kumi na wawili wenye kisanduku cheupe. Kama wenzako, alisema karani. Na humu wamo wa arobaini na mbili, wa thelathini na nane, lazima wamo, wazee kuliko shangazi, na hao wakirudishiwa miaka yao watapita mbele, wana haki, shangazi hatakuwa wa tisa, atakuwa wa sitini, wa tisini, nani anajua, wiki tatu, wiki tano, na jicho la kulia lisingoje sana… kwa hiyo abonyeze kwanza, si ndiyo? Abonyeze, shangazi apasuliwe Alhamisi, halafu aseme. Halafu. Anajijua. Akishabonyeza, ule moto utapoa, kesho atasema nitasema kesho, Ijumaa wakurugenzi watapiga makofi, na namba ukutani itasoma elfu mbili mia moja na themanini na sita, na miguu yake haitamfikisha tena kwenye jambo hili, kwa sababu linalomsukuma sasa ni shangazi, si ubora wake yeye, na asijidanganye.

Na shangazi mwenyewe angefanyaje… hilo si swali la kuuliza, maana jibu analo, limemjia bila kuitwa, zile sare. Mashati arobaini ya shule, shangazi alikata yote kwa kigezo kimoja cha karatasi cha shingo, alikinakili kwenye kigezo cha zamani kilichochanika, akasahau kuongeza nafasi ya mshono, upana wa kidole kimoja tu, na watoto arobaini wakarudi nyumbani wamekabwa kama kuku wa kupelekwa sokoni, na wa kwanza kugundua alikuwa mke wa mwalimu mkuu, akaja na shati la mwanawe, akasema nirekebishie hili tu, wengine hawajasema kitu. Shangazi alikasirika! Hakuwa mtakatifu siku hiyo, alitukana kigezo, alitukana mkasi, akamtukana na yeye aliyekuwa amekaa tu anakula muhogo, halafu akasema, "Inuka, nenda nyumba kwa nyumba, waambie shangazi amekosea shingo, walete yote." "Yote? Mbona hawajalalamika?" "Wanadhani shingo za watoto wao ndizo nene." Hivyo tu. Akaenda, ana miaka tisa, anaona haya mpaka masikio yanawaka, nyumba thelathini na kitu, "shangazi amekosea shingo," mbwa wanambwekea, na kwenye mlango mmoja mama mmoja alimshika mtoto wake shingoni akasema, alaa, kumbe si wewe, akamkumbatia, kwa sababu alikuwa amemchapa asubuhi kwa kukataa kulivaa… kumbe si wewe. Wiki nzima shangazi alifumua na kushona na hakuzungumza na mtu, na kigezo kile hakukichoma, alikitundika ukutani juu ya cherehani, kimeandikwa kwa chaki SHINGO, kilikaa pale mpaka kikawa cha manjano. Hakuwahi kumwuliza kwa nini alikitundika. Alidhani ni kwa ajili ya kukumbuka vipimo.

"…na mimi naendelea kulisoma Kabati ili nilielewe, bado najifunza," sauti ya chini, ya Mgeni, ana wiki ya tatu hapa, mwanamke wa makamo aliyetoka kufundisha hesabu, ana daftari la mistari na huandika maswali yake yote kwa kalamu ya risasi, na kwa kuwa ni mpya kila mtu anamsikiliza nusu, Mzee wa Seva anaangalia saa, "nilikuwa na swali moja lakini nilishajibiwa," na anamtazama yeye, si kwa ubaya, ni mtazamo tu, na ndipo anapokumbuka, Alhamisi iliyopita, kwenye korido, Mgeni kashika daftari, "Samahani, Mama Kabati, hiki kipande cha safisha_tarehe, siku ndiyo haijulikani, nimeelewa, lakini kwa nini kinafuta na mwaka?" Kwa kalamu ya risasi. Wiki tatu kazini. Na yeye akajibu nini, alikuwa ameshika kikombe, akajibu huku anatembea, "Huo ni uamuzi wa zamani, una sababu zake, usiuguse," na Mgeni akasema asante, akaliandika jibu, akakata mstari juu ya swali lake kama mtu aliyeambiwa shingo ya mwanawe ndiyo nene. Una sababu zake. Sababu zipi? Makofi. Alikuwa na siku nzima ya Alhamisi, Ijumaa, wikendi yote, na jana, angelisikia swali lile angekuwa amejua mapema kuliko picha ya binamu, na angelijua kwa swali, si kwa shangazi, lakini hakulisikia, kwa sababu ukutani imeandikwa bila lawama na mtu huanza kuamini maandishi ya ukutani hata kama aliyeyaandika anatania.

"Haya," Mkuu anasema, kalamu inagonga, "Mama Kabati. Kabati vipi?"

Na feni, ka, ka, ka, na Mzee wa Seva ameshaanza kukusanya vitu vyake, ameshafunika kalamu yake, na dada wa Miadi amevaa kiatu alichokuwa amekivua chini ya meza, kila mtu nusu amesimama, na yeye anaangalia skrini, moja, moja, arobaini na saba, anaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, na hiki ndicho kinachomuuma kuliko kusema, anafuta saba, anafuta nne, anafuta moja na moja, nisamehe shangazi, utapasuliwa, nitaisimamia hiyo barua mpaka wanichoke, nitakwenda mwenyewe nikafungue makabati ya fomu, lakini hutapita peke yako, na kisanduku kinabaki cheupe kama kilivyoachwa na ile mistari yake minne.

"Haliko tayari," anasema, na sauti inatoka ya kawaida, anaishangaa. "Lina kosa. Si hospitali, wale walijaza. Nimekosea mimi."

Mkuu ameshikilia kalamu hewani. Mzee wa Seva anacheka kidogo, akidhani ni utani, halafu haoni wa kucheka naye, anaacha.

"Mgeni," anasema, "lile swali lako la Alhamisi, liulize tena, tafadhali. Kwa sauti."

Mgeni anawatazama, anarudisha kurasa za daftari, anatafuta, lipo pale, limekatwa mstari lakini linasomeka. "Niliuliza," anasema, "kama siku ndiyo isiyojulikana, kwa nini tunafuta na mwaka?"

"Mwaka wa nani?" Mkuu anauliza.

Anaifunua simu, picha bado iko pale, kidole cha binamu kwenye kona, anaisukuma mpaka katikati ya meza ambapo wote wanaweza kuiona, na jina la shangazi liko katikati ya ukurasa, analiona, analiacha, anaweka ukucha chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho.

"Tuanze na huyu," anasema. "Ameacha kuja."